Nilimgawia Mdogo Wangu Vidonge vya Majaribio

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Sikusukumwa na mtu. Niliogopa, na woga wangu ukamuumiza mdogo wangu Mwanaidi, tuliyetoka naye tumbo moja.

Sote wawili tulikuwa na kikohozi kikavu kisichoisha. Marehemu baba naye alianza hivyo hivyo, akafa akitafuta pumzi. Hapa Tanga kila tulipokwenda tuliambiwa kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Tukadungwa sindano mpaka kukaa kukawa taabu. Miaka ile ya shida, hata picha ya kifua ilikuwa ya kubahatisha.

Enzi za ruksa zilipoingia, milango ya nchi ikafunguliwa, wakaja madaktari wa utafiti na vifaa vyao. Ndio waliotueleza kwamba huu si kifua kikuu, ni ugonjwa wa nadra. Mapafu yanashika makovu na kukakamaa kidogo kidogo. Walikuwa wanajaribu dawa mpya. Wengine wangepewa dawa, wengine vidonge visivyo na kitu, na mgonjwa asijue kapewa kipi.

Mimi nilikubaliwa. Mwanaidi akakataliwa.

"Damu yake inaonyesha ini lina kasoro," daktari aliniambia. "Dawa hii inaweza kumdhuru."

Mimi nilisikia kukataliwa tu, mengine hayakuniingia. Nilimwona akipanda kibaraza chetu pale mtaani Chumbageni kashika ukuta, midomo imebadilika rangi, nikamwona baba. Nikaanza kumgawia vidonge vyangu.

"Kaka, wakijua je?"

"Watajuaje? Meza."

Baada ya wiki kadhaa akaacha kula. Asubuhi moja nikampelekea uji, akainua uso. Macho yalikuwa ya manjano kama bizari. Nikaweka kikombe chini, nikamshika mkono tukatoka.

Hospitali, daktari wa zamu aliuliza, "Kuna dawa yoyote anayotumia?"

Mwanaidi akanitazama. Nikasema hakuna.

Niliogopa kufukuzwa kwenye utafiti. Niliogopa kifo cha baba. Wakamtibu malaria, nami nimekaa pembeni, najua, nimenyamaza.

Kesho yake akaanza kuniita kwa jina la mama, ambaye tulishamzika. Hapo nikamkimbilia daktari wa utafiti, nikamwaga yote. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Kwa nini hukusema jana?"

Nikamkabidhi vidonge vilivyobaki.

Ini lilipata nafuu, lakini mwili haukurudi tena. Kifua kikammaliza kabla ya mwaka kuisha. Mimi niliondolewa kwenye majaribio.

Siku moja kabla hajafariki aliniambia, "Kaka, na mimi nilikuwa na mdomo wa kusema siku ile daktari alipouliza. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Sasa pumzi zangu nami zinapungua, na maneno yale ndiyo yananitisha kuliko kifo.

Wewe unayeuguza, daktari akikuuliza mgonjwa wako kameza nini, mwambie hapo hapo, hata kama unatetemeka.