Aliyeshika Mlango wa Damu

Mtu akisema mbele yangu "kompyuta imekosea" huwa nakasirika, tena hadharani. Kompyuta haikosei, bwana. Hukosea aliyeiandikia programu, na siku ninayoisimulia aliyeiandikia nilikuwa mimi, na shahada yangu imening'inia ukutani pale nyumbani Mtendeni.

Hospitali yenyewe siitaji. Iko hapa hapa Tabora, si kubwa, ina friji moja ya damu. Waliniita baada ya kupatwa na aibu: imebaki chupa moja tu, muuguzi wa wodi ya wazazi akaiona kwenye kompyuta yake, akaiomba. Wakati ule ule mwenzake wa chumba cha upasuaji naye akaiona, akaiomba. Kompyuta zote mbili zikasema haya, chukua. Watu wazima wawili wakagombania chupa moja mbele ya ndugu wa wagonjwa.

Niliwacheka. "Hili dogo," nikawaambia. "Baba yangu alilijua hili na hajawahi kugusa kompyuta."

Baba alikuwa mtu wa reli, kwenye stesheni ndogo upande wa Goweko. Njia ni moja, treni zinatoka pande mbili, zikikutana katikati ni msiba. Kwa hiyo palikuwa na kifimbo cha chuma, kimoja tu kwa kila kipande cha njia. Dereva asiyekabidhiwa kifimbo haingii, hata awe amebeba nani. Akifika stesheni ya mbele anakirudisha, ndipo mwingine anaruhusiwa. Hadithi aliyoipenda baba kuliko zote ni ya dereva aliyesimama porini na kifimbo mfukoni ili anunue asali. Akaonja hii, akaonja ile, akabishana bei, na huku treni nzima ya abiria imekaa juani kwenye stesheni ya mbele inamsubiri. Baba akifika hapo hujipiga paja: "Pumbavu! Kifimbo si chake, ni cha njia!"

Chuoni tulipofundishwa semafo nilicheka peke yangu darasani, maana ni kifimbo kile kile. Semafo ni namba inayokaa mlangoni. Programu inayotaka kuingia inaitazama: ikikuta moja, papo hapo inaigeuza sifuri na kupita. Ikikuta sifuri, inalala pale pale mpaka iliyomo ndani itoke, iirudishe namba na kuiamsha. Hakuna kugombana.

Basi nikaweka semafo kwenye daftari la damu. Ukifungua ukurasa, umeshika kifimbo. Ukibonyeza "Hifadhi", umekirudisha. Wengine wote wanaandikiwa: "Subiri, mwenzako yumo ndani." Nililijaribu kwa wiki nzima kwenye kompyuta mbili mezani kwangu, halikukwama hata mara moja. Nikamkalisha chini mtunza friji, nikamtolea macho: "Bila karatasi iliyotoka kwenye mashine, hutoi damu. Hata nikija mimi."

Miezi michache baadaye mdogo wangu akajifungulia pale. Asubuhi, mtoto wa kike, sauti kama ya muuza samaki. Nilikuwa mlangoni nacheka na simu mkononi, natangazia ukoo mzima, muuguzi alipotoka mbio.

"Dada, mgonjwa anavuja damu, haikatiki. Kundi lake lipo, chupa mbili. Lakini mashine yako inaniambia nisubiri."

"Ni sekunde tu," nikamjibu, tena kwa kiburi kidogo.

Tukasubiri. Maneno hayakuondoka kwenye kioo. Subiri, mwenzako yumo ndani. Mlango ulikuwa wazi nusu, nikaona shuka. Mama yangu, lile shuka! Sikujua mwili mdogo vile una damu nyingi hivyo.

Nikakimbilia kwenye friji. Mtunza friji alikuwa na chupa mbili mkononi, naziona kwa macho yangu, jina la kundi limeandikwa.

"Lete!"

"Karatasi, dada." Alizikumbatia kifuani. "Ulisema hata ukija wewe."

Nilitaka kumzaba kibao. Kijana wa watu alikuwa anatii amri yangu, neno kwa neno.

Nikavuka ua mbio kwenda masjala, maana kompyuta ya chumba cha upasuaji ilikuwa imezimwa, na iliyobaki ilikuwa huko. Karani alikuwa anaingiza chupa zilizoletwa asubuhi. Ukurasa uko wazi, mstari umejazwa nusu, kiti kitupu. Karani mwenyewe amepiga magoti sakafuni, anapiga makofi taratibu, kichwa amekiinamisha. Mbele yake amesimama baba yangu, na kuku kwapani.

Alikuwa ametoka kijijini alfajiri kuja kumwona binti yake, akaingia mlango wa kwanza aliouona ili aulizie wodi. Karani ni binti wa kijijini huko Nzega. Kwao mzee hasalimiwi na mtu aliyekalia kiti, wala salamu haikatwi katikati. Walishamaliza shikamoo, wakamaliza mwangaluka ya asubuhi, wakaulizana ya nyumbani, ya mvua, ya ng'ombe, na sasa walikuwa kwenye ukoo wa bibi yake karani.

"Karibu sana baba," binti alikuwa anasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikawaruka. Nikabonyeza "Hifadhi" mpaka kibodi ikahama mahali pake.

"Ala!" baba akashangaa. "Hata shikamoo hakuna? Shule yote ile!"

Nilimtazama baba, nikatazama kioo, nikatazama tena baba. Binti yake anaisha upande wa pili wa ua, na kinachoizuia damu isimfikie ni salamu ya baba yake. Na aliyeruhusu salamu ishike kifimbo ni mimi, mtoto wake, niliyesimuliwa habari ya yule dereva tangu sijaota meno. Mtu angejaza ukurasa wake bila kifimbo, kwa raha zake, asalimie hata kutwa nzima, kisha ashike kifimbo wakati wa kuhifadhi tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Lakini ile wiki niliyojaribu programu mezani kwangu hakuna mzee aliyekuja kunijulia hali.

Damu ilifika. Mdogo wangu alipona. Lakini ilikuwa imechelewa, na ili wamwokoe madaktari walimtoa kizazi. Hajafika hata miaka ishirini na mitano.

Kesho yake nilirekebisha programu. Mistari minne, jamani. Minne! Uongozi wa hospitali nikaueleza kosa ni langu, karani asiguswe. Halafu nikaenda kukaa kitandani kwa mdogo wangu, mtoto akinyonya, nikamwambia yote bila kuficha. Alilia bila sauti asije akamshtua mtoto. Nilidhani atanifukuza.

"Baba anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Basi asijue, wala la kizazi asiambiwe. Mimi nitakusamehe, taratibu. Yeye hatajisamehe."

Mjukuu sasa anatembea. Baba kila akija mjini anampakata na kumsimulia kila mgeni habari za yule karani. "Hospitali ile ina binti ana adabu! Alinisalimia mpaka nikasahau kuku kwapani." Mimi huondoka nikajifanya natafuta chumvi jikoni, lakini sauti yake inanifuata huko huko. Mara ya mwisho nilichelewa kuondoka. Alimgeukia mdogo wangu, akamwambia kwa upole, "Mama, huyu mtoto anataka mwenzake wa kucheza naye. Mnangoja nini?"

Mdogo wangu alinitazama kwanza mimi. Kisha akampokea mtoto, akapiga goti mbele ya mzee kama alivyofundishwa.

"Tunasubiri, baba," akasema.