Tepe za Azoti katika Pumzi ya Baba

Familia ilikuwa imekwisha kuamua: kesho yake baba angepandishwa kwao milimani, Rurambo, akafie karibu na ng'ombe wake. Alikuwa amelazwa katika kituo kidogo cha afya hapa Uvira, ugonjwa wa mapafu umemshika, akivuta oksijeni ya mashine inayochuja hewa ya chumbani. Mwanzoni alipata nafuu, kisha akazidi kulegea. Muuguzi alisema ugonjwa umeshinda dawa.

"Masini iko inalia muzuri," alisema shangazi, dada yake mkubwa, ambaye hakubanduka pale kitandani. "Ni mwili wake ndiyo iko imechoka. Tumurudishe kwake."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mtu akiniambia mashine inafanya kazi kwa sababu inanguruma, damu inanichemka. Nilijaza puto gesi ya ile mashine, nikalikamua, nikalijaza tena, nikaenda nalo maabara ya shule yetu.

Huko tuna bomba la kioo. Ukitoa hewa kwa pampu na kuingiza gesi kidogo, umeme unaiwasha, na kila gesi ina mwanga wake. Niliutazama kwa spektroskopu, chombo kinachotawanya mwanga kuwa rangi zake. Nilitarajia mistari michache hafifu ya oksijeni. Zikajipanga tepe pana, za nyekundu hadi njano na nyingine za zambarau, kila moja ina ukingo mkali upande mmoja na inafifia upande wa pili. Atomu iliyo peke yake hutoa mistari myembamba. Tepe kama hizo ni za molekuli, nami ninazijua kwa sababu hewa ya kawaida hutuonyesha hizo kila tunapofundisha. Ilikuwa azoti, yaani nitrojeni, gesi ambayo mashine ilipaswa kuichuja kutoka hewani.

Nikalishuku bomba langu, maana lina tabia ya kuvuja. Niliazima oksijeni kwa fundi wa kulehemu, nikaipitisha, na tepe zikatoweka. Basi bomba lilikuwa zima. Baba alikuwa akivuta hewa ileile tunayovuta sisi sote. Nilikaa kwenye benchi nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Nilirudi kituoni, nikaizunguka mashine. Kengele yake ya onyo ilikuwa imekufa zamani. Nyuma, kwenye tundu la kuvutia hewa, kilikuwa kimebanwa kitambaa kizito kilichotariziwa, kama vile tunavyofunika redio na televisheni sebuleni ili kitu cha thamani kisiingiwe na vumbi. Kwa kukosa hewa ya kutosha, mashine ilikuwa imeshindwa kuchuja. Ilikuwa kazi ya mikono ya shangazi. Nilikivuta, muuguzi akasafisha kichujio, na baada ya muda baba akaweza kusema.

Shangazi alikuwa nje akifunga mizigo ya safari. Nilimweleza baba kila kitu kwa sauti ya chini.

"Weye utamwambia nini dada yangu?"

"Ukweli, baba."

"Hapana. Sema umeme ndiyo ilikuwa kidogo. Ni yeye alinilea."

Shangazi akaingia, akamwona mdogo wake ameketi. Aliuliza mashine ilikuwa na shida gani. Nikasema umeme ulikuwa mdogo. Habari ya Rurambo haikutajwa tena. Aliitazama mashine, akatazama kile kitambaa mikononi mwangu, akakichukua. Kisha akaenda kukaa nje peke yake, akilia.