Homa ya Parapanda

Shemeji yangu anapiga tarumbeta kwenye maharusi, na mtaa mzima unamwita Parapanda. Mashavu anayo, pumzi anayo, na majivuno anayo ya kugawia hata majirani. Akili ndiyo iliyopungua, lakini nani angejua, wakati muziki unapigwa?

Mdogo wangu alimpendea nini, sijui mpaka leo. Yeye ni fundi wa mapazia, mkono mwepesi, maneno machache. Ukimsikia anasema jambo, ujue amelipima kama anavyopima dirisha la mteja. Na huyo ndiye aliyekwenda kuolewa na kelele.

Parapanda alikuwa na kidonda cha mdomo kinachokuja na kuondoka. Kwanza mdomo unamwasha, kisha vinatoka vilengelenge vidogo vilivyosongamana pembeni, vinapasuka, vinafanya gaga, vinapona. Kwao gaga hilo lina jina na heshima. Mama yake, ambaye naye hutokwa nalo, husema homa ikishatokea mdomoni ndiyo imeondoka mwilini, kwa hiyo mgonjwa hupewa pole na hongera kwa pamoja. Parapanda akaongeza lake: eti kazi imekuwa nyingi mno, chuma cha tarumbeta kinamchoma. Wakaiita homa ya parapanda. Ukoo mzima unajivunia kidonda, na wanabusiana nacho bila wasiwasi.

Siku moja mdogo wangu alikuja kwangu akitembea kwa kutanua miguu kama mtu aliyepanda punda. Mwili ulikuwa wa moto, mitoki imevimba kwenye kinena, na akienda haja ndogo analia. Sikumuuliza mengi. Nilimshika mkono tukaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mpole. Alipoona mdogo wangu anaona haya kuvua nguo, akamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hapa mimi naona haya haya kila siku." Akachukua kijiti chenye pamba, akakisugua taratibu kwenye kidonda kibichi, akakifunga kipelekwe maabara. Akasema anadhani ni malengelenge ya sehemu za siri, na kwamba vidonge vianze siku hiyo hiyo bila kungoja majibu, maana vikiwahi ndivyo vinavyosaidia zaidi.

"Vinaponya kabisa?" mdogo wangu akauliza.

"Vidonda vitapona, na maumivu yatapungua mapema. Lakini kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kinalala. Siku kikiamka, unarudia vidonge. Wengi, kadiri muda unavyokwenda, kinawasumbua kidogo kidogo tu. Na vidonda vikiwepo, hakuna kukutana na mume."

Mdogo wangu akaenda nyumbani kumweleza mumewe kila kitu. Hilo ndilo kosa la watu waaminifu, wanadhani ukweli ukisemwa vizuri utasikilizwa vizuri. Parapanda akaitisha kikao.

Tuliketi sebuleni kwao, kwenye makochi ambayo hayajavuliwa nailoni tangu yanunuliwe. Alikuwepo mama yake, shangazi yake mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na wajomba ambao kazi yao ilikuwa kuguna. Mimi nilikuja upande wa kwetu. Parapanda akasimama katikati, gaga bichi limemkaa mdomoni, akamwuliza mke wake mbele ya wote, "Umeyatoa wapi?"

Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu lake lilikuwa usoni na bado hakuliona.

"Ugonjwa wa huko chini hauletwi na upepo," shangazi akadakia. "Huyo ni malaya. Arudishwe kwao."

Wajomba wakaguna. Parapanda akasema, "Malaya, ndiyo," kwa sauti ile ile anayotangazia wimbo unaofuata. Mdogo wangu hakulia. Alikwenda chumbani, akatia nguo zake kwenye begi na mkasi wake mkubwa, akaja kukaa kwangu. Nilitamani kumkaba yule mwanamume kwa pazia.

Lakini mpumbavu hatosheki na ushindi. Parapanda alitaka kipimo cha damu kitakachomtaja mgoni wake. Basi akaja mwenyewe zahanati, kifua mbele, akatukuta tumefuata majibu. Tuliingia kwa daktari pamoja, mwanamke mtu mzima, miwani imemshukia puani.

"Damu inaweza kuonyesha kwamba mtu amewahi kuambukizwa," daktari akamwambia. "Haisemi lini. Haisemi na nani. Mtu anaweza kukaa na kirusi miaka bila dalili yoyote. Kwa hiyo kidonda kutokea leo si ushahidi kwamba mtu ametoka nje jana."

"Mimi sina ugonjwa," Parapanda akasema.

Daktari akamtazama mdomo. "Hicho nini?"

"Hii homa tu, daktari. Ya tarumbeta."

"Tarumbeta lina virusi?"

Daktari akatoa kijiti chenye pamba, akamsugua gaga lake la heshima. Naapa ile ndiyo mara ya kwanza kumwona amefungua mdomo bila kutoa sauti.

Majibu yake yalipokuja, yalikuwa kama ya mkewe: aina ya kwanza ya kirusi hicho, ile ambayo mara nyingi hukaa mdomoni. Daktari hakutia chumvi. Alisema kipimo hakiwezi kuapa nani alimpa nani, lakini mdomo wenye kirusi hiki unaweza kukipeleka chini kwa yale ambayo watu wa ndoa hufanya wakiwa wawili, hata siku ambayo hakuna kidonda, na hapo maelezo mengine ya kutafuta mbali hayahitajiki. Akauliza kidonda kilianza lini. Parapanda akasema tangu utotoni.

"Wengi ndivyo," daktari akasema. "Hupata kwa busu la mzazi au ndugu. Ndiyo maana mwenye kidonda asimbusu mtoto mchanga. Kichanga kinaweza kuumwa vibaya sana."

Tulipotoka nje, Parapanda akanong'ona, "Basi yaishe, mke wangu. Turudi nyumbani kimya kimya."

"Hukunitukana kimya kimya," mdogo wangu akamjibu. "Itisha wale wale, useme mbele yao. Nitarudi siku hiyo, si kabla."

Alibembeleza, akatuma watu, akajitia mgonjwa. Mdogo wangu aliendelea kushona mapazia kwenye veranda yangu. Mwishowe kikao kikaitishwa, watu wale wale, nailoni ile ile. Mdogo wangu akabaki mlangoni, begi mkononi.

Parapanda akazunguka mbuyu. Mara ni mambo ya kawaida, mara daktari amefafanua, mara dunia ya leo.

"Kwa hiyo mwanamke amekiri?" shangazi akauliza.

Mama mkwe alikuwa amempakata mjukuu wake mchanga, mtoto wa dada yake Parapanda aliyekuja naye safari hii. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Akauliza polepole, "Kama ni homa ya mwanangu, yeye aliitoa wapi?"

Nikamjibu mimi, kwa raha niliyokuwa nimeitunza. "Kwa busu, mama. Utotoni."

Akajigusa mdomo. Kisha akamsogeza mtoto mbali na uso wake na kumpa mama yake, bila kumtazama mtu. Ile raha yangu ikanitoka. Yule mama alikuwa amempenda mwanawe tu, kama alivyopendwa yeye.

Parapanda alimwona mama yake. Akatazama sakafu.

"Ni mimi," akasema. "Mke wangu hana kosa. Ni kidonda changu."

Wajomba hawakuguna. Mdogo wangu hakuliweka begi chini.

"Sema tena," akasema. "Shangazi hakusikia."