Kipimajoto Nilichokiita Mwongo

Shule niliishia darasa la tatu, na sijawahi kuliona hilo kuwa aibu. Nimeoka mikate Arusha miaka arobaini. Watu wenye digrii zao wamekula mkate wangu asubuhi kabla hawajaenda kuzitumia. Tanuri langu halikuwa na kipimo chochote. Niliingiza mkono mlangoni, nikausikiliza moto, nikajua. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwenye simu, "Baba, nunua kipimajoto cha tangi la samaki," nilimjibu kwamba kipimajoto ninacho, kimeota begani.

Tangi lenyewe alilileta yeye. Mama yake alipata kiharusi mwaka juzi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, maneno yakagoma. Na huyu alikuwa mwanamke wa kunisema mimi toka jikoni mpaka barabarani. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alituambia tumpe kitu cha kuhesabu kwa sauti kila siku, kitu anachokipenda. Vidole alikataa. Shanga alizisukuma zikamwagika. Samaki alikubali. Walikuwa tisa, wa rangi, wadogo kuliko kidole gumba. Kila asubuhi baada ya chai alikaa mbele ya kioo, akahesabu. Siku ya kwanza aliishia watatu. Baada ya miezi miwili alifika tisa, nami nikatoka nje kukagua migomba isiyohitaji kukaguliwa.

Halafu ikaja Julai. Anayekaa huku kwetu Themi anajua: Meru ikijifunika wingu wiki nzima, hata mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa. Samaki wakashuka chini, wakaacha kula. Nikatumbukiza mkono tangini, nikatangaza kwamba maji yana uvuguvugu. Mke wangu akautazama mkono wangu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Wa... tanuri," akasema.

Yaani mkono uliobabuka miaka arobaini utajua nini cha uvuguvugu. Ana maneno kumi tu, na mawili anayatumia kunisimanga! Nikavaa koti nikaenda mjini.

Duka la vifaa vya samaki liko mitaa ya zamani, na mwenyewe ni mama mmoja wa asili ya Tanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kipimajoto kisichodanganya."

"Makubwa! Mimi nauza tu, mzee wangu, tabia zao sizijui."

Akanionyesha cha karatasi, cha kubandika nje ya kioo. Mwenyewe akakiponda: kile kinachukua habari za kioo na za chumba, za maji kinabahatisha. Akatoa vingine vyenye waya wa kuzamisha na namba za kusoma. Nikachukua viwili, maana shahidi mmoja hatoshi. Nikachukua na hita.

"Vijaribu kwanza kwenye barafu," akasema.

"Barafu ya nini? Mimi mtu wa moto."

Nyumbani nikabandika sufuria jikoni. Maji yalipotokota nikazamisha nyaya zote mbili. Kimoja kikasoma mia. Cha pili kikapanda mpaka tisini na tano, kikagoma hapo. Nikasubiri. Kimegoma. Sasa, mimi shule sina, lakini binti yangu aliimba nyumba nzima kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja, na ada ya wimbo huo nililipa mimi. Kesho yake nikakirudisha kile cha tisini na tano, duka limejaa watu.

"Mama, umeniuzia mwongo!"

"Umekijaribu kwenye barafu?"

"Nimekijaribu kwenye moto, mbele ya macho yangu!"

Akanirudishia hela yangu, kipimajoto akakiweka kando. Watu wakanitazama, nikaona wananiheshimu.

Nikatega hita mpaka kipimajoto changu cha mia kikasoma ishirini na sita, kama binti alivyoagiza. Nikakaa nikingoja samaki wapande. Hawakupanda. Wiki ile wakatoka vidoa vyeupe mwilini, kama wamenyunyiziwa chumvi. Mmoja akafa, baada ya siku mbili akafa wa pili. Nikawazika migombani kabla mke wangu hajaamka, nikamwambia wamejificha nyuma ya majani.

Naye akaacha kuhesabu. Anakaa palepale mbele ya kioo, chai inapoa, mdomo umefungwa. Nikimwambia, "Haya mama, moja," ananitazama tu. Nikaona maneno yanaondoka tena. Nilianza kuliogopa lile tangi kama mtu anavyoogopa barua ya hospitali.

Jumapili moja nilikuwa jikoni napika maharage, nalalamika peke yangu kwamba maji yanatokota tangu tumerudi kanisani na maharage bado ni mawe. Mke wangu alikuwa kitini pembeni. Akafungua mdomo, nikaona anavuta neno kama mtu anavuta ndoo kisimani.

"Kwetu... juu. Maji yanachemka mapema. Maharage... hayaivi."

Kwao ni juu kabisa, Meru, karibu na msitu. Wakwe zangu walikuwa wakipika maharage mpaka kuni zinaisha, nami kijana wa tambarare nikidhani ni uvivu wa moto. Lakini wakati ule sikusikiliza maana, nilisikia tu kwamba amesema maneno mengi kuliko siku zote tangu augue. Nilisimama na mwiko mkononi.

Maana ikaja baadaye kidogo, ikanikalisha kwenye kigoda. Kama kwao maji yanachemka mapema, basi hayangoji mia. Nasi hapa Themi tuko mlimani nusu. Nikampigia binti simu.

"Ndiyo, baba. Mia ni huko pwani, usawa wa bahari. Arusha inafika kama tisini na tano."

"Na mbona ulipokuwa unaimba hukumalizia?"

"Mwalimu naye hakumalizia, baba."

Jumatatu nikarudi dukani na kipimajoto changu. Nilitukana watu wakiwa wamejaa, kwa hiyo nikangoja wajae. Nikasema kwa sauti ileile: "Mama, mwongo nilikuwa mimi." Hakunicheka. Alikuwa bado amekitenga kile kipimajoto. Akaponda barafu, akajaza bilauri, akaongeza maji kidogo, akakoroga, akazamisha vyote viwili. Chake kikashuka mpaka sifuri. Changu kikakwama kwenye tano. Ishirini na sita yangu yote ile ilikuwa ishirini na moja.

"Ungenisema na siku ile," nikamwambia.

"Ningekusema, kingine ungekuja kununua kwa nani?" akasema. "Wapandishie joto polepole, mzee wangu. Usiwashtue."

Nikakinunua tena kile chake, nikapandisha nyuzi moja kwa siku. Siku ya nne mmoja akapanda juu akala. Ya sita wakawa wanakimbizana. Asubuhi hiyo nikavuta kiti, nikakaa kando ya mke wangu. Kuomba radhi dukani kulikuwa rahisi kuliko hili.

"Mama. Wawili hawajajificha. Walikufa. Niliwaua mimi kwa ubishi, nikawafukia."

Hakugeuka. "Najua," akasema. "Niko... nahesabu."

"Unahesabu wapi, nami sikusikii?"

Akagusa kifua kwa ule mkono wa nusu. "Humu. Ungeona... haya."

Wiki zote zile nilidhani maneno yamemkimbia, kumbe aliyafungia ndani, hesabu isije ikaniumbua. Nikamwambia aibu yangu imeshapita, imebaki dukani, ahesabu kwa sauti.

Akaweka kidole kwenye kioo. Akaanza moja. Samaki walikuwa hawatulii, akapotea kwenye nne, akaguna, akarudi mwanzo. Sikumsaidia. Safari ya pili akafika saba.