Marufaa ya Baba Ndani ya Kioo

Kasri lile la mtaa wa Spring Valley lilijengwa zamani na tajiri mmoja aliyependa minara kupita kiasi. Tulipoligeuza kuwa makumbusho ya sanaa za dini, sanamu za Bikira Maria zilipangwa bafuni, na ghala la mvinyo likawa chumba cha Uislamu. Sikuulizwa maoni. Kazi yangu ilikuwa kujaza rejista na kuandika vibandiko vya "Usiguse".

Chumba cha Uislamu kilikuwa kitupu. Kwa kiherehere changu nikamwomba mama marufaa ya marehemu baba, kile kibao cha kukunja anachowekea mtu msahafu akisoma. Mama, mtu wa Mombasa aliyezeekea ghorofani katikati ya jiji, alikubali haraka mno.

"Naitoa wakfu," alisema. "Kila atakayesomea hapo, thawabu zimfikie babako."

Kwenye rejista niliandika "zawadi", nikaifungia ndani ya kioo.

Ijumaa ya kwanza akapiga simu. "Leo wamesoma wangapi?"

"Wameitazama wengi, mama."

"Sikukuuliza macho, mwanangu. Babako anangoja, nawe umemtilia kufuli."

Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Ijumaa ya pili alifika mwenyewe, buibui limepigwa pasi, msahafu kifuani. Askari wa mlangoni akamfuata mbio. "Mathe, hiyo kitu ni ya kuangalia tu. Haiguswangi." Mama akavua viatu, akaketi sakafuni mbele ya kioo, akasema hatoki.

Akaitwa mkurugenzi. Alisoma sheria zetu zote akiwa amesimama, kisha uso ukamchangamka. "Rules zinasema visitors wasiguse. Hazijasema exhibits haziwezi gusana. Wacha shosho akuwe exhibit. Lakini lazima akuwe na number."

Basi nikamwandikisha mama yangu mzazi kwenye rejista kama kitu cha maonyesho. Marufaa ilikuwa namba arobaini, yeye arobaini na moja. Asili: Mombasa. Hali: nzuri, isipokuwa magoti. Nikambandika namba kwenye buibui, nikafungua kioo, naye akasoma nyuma ya kamba ya kuzuia wageni huku wakimpiga picha. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mtu kweli.

Ijumaa ya tano alisimama katikati ya kusoma, ameshika kiuno. "Magoti yamekataa. Njoo ukae wewe."

"Mimi sina namba, mama."

Akaibandua yake, akanibandika mimi, akavuka kamba na kwenda kusimama na wageni.

Nilitia udhu, nikakaa. Nilisoma kwa kujikwaa. Kila nikikosea, mama alinisahihisha kwa sauti kutoka ng'ambo ya kamba, na wageni, wakidhani ndivyo onyesho lilivyopangwa, wakapiga makofi. Niliona haya hadi masikio yakawaka, lakini sikuacha. Tangu tumzike baba sikuwahi kumsomea hata herufi moja, na mama alikuwa akijua siku zote.