Mtihani wangu wa Advanced English ulioangukia siku ya watu saba

Wakuu, ejok noi, nawasalimu Kiturkana. Vuteni kiti. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na sijayapamba hata kidogo maana yangekuwa yangu ya kupamba ningejiweka vizuri zaidi.

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la nane katika shule moja ya msingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule kwenye jua kali la Turkana. Mimi ni mtu wa Nyamira, kwetu mvua inanyesha hata bila kuombwa. Nilishuka Kakuma na diploma, kiburi na koti.

Koti, wakuu. Kakuma.

Shirika lililotuajiri lilikuwa na ofisi Lodwar. Mkubwa wetu huko, Madam Wairimu, akanipigia simu: panga kozi ya Advanced English, chukua watoto kumi na wawili wa darasa la sita na la saba, tunaanza Januari. Watakaoimaliza wafadhili watawapeleka sekondari ya bweni, nje ya kambi.

Nafasi kumi na mbili, na kambi imejaa watoto. Nilijiona mtu muhimu sana.

Nikaingia cyber ya Msomali mmoja pale sokoni, nikatafuta jinsi wenzetu wa ng'ambo wanavyopanga kozi kama hizo. Nikanakili karibu yote. Scheme of work yangu ilikuwa kurasa arobaini, na unit ya kwanza ilihusu theluji. Nilikaa na singlet, jasho linadondokea keyboard, naandika malengo ya somo la theluji. Hakuna aliyenizuia.

Kisha nikapanga mtihani wa kuchuja. Alhamisi, saa tatu asubuhi, asiyefika asilie. Composition iliitwa "Safari yangu ya kwanza ya treni". Msinicheke, naendelea.

Alhamisi ikafika, watoto wakaja wachache kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia wengine wameogopa moto. Nikasahihisha, nikapata kumi na wawili wangu, nikatuma majina Lodwar siku iyo hiyo. Mwalimu mwenye bidii!

Ijumaa asubuhi akaja msichana mlangoni kwangu. Achol, Mdinka, darasa la saba, mrefu hadi akainama kuingia. Sikuwa nikimfundisha. Akanisalimia kwa Kiingereza safi kuliko changu.

"Mwalimu, naomba mtihani."

"Ulikuwa jana. Ulikuwa wapi?"

"Jana ilikuwa siku ya watu saba, mwalimu."

Sikuelewa, na mwalimu wa diploma haulizi. Nikamwambia sheria ni sheria, anayetaka shule huamka mapema. Hakubishana. Alisema "Thank you, sir" akaondoka, na ile thank you ilinikera siku nzima bila kujua kwa nini.

Chakula cha mchana nikamsimulia mwenzangu Ekai, Mturkana wa Kalemng'orok aliyekuwa akifundisha hisabati. Nilidhani tutacheka pamoja. Alicheka peke yake, mpaka akaweka sahani chini.

"Wewe mwalimu umesoma mpaka imepita kipimo," akasema. "Hiyo karatasi iko kwa ukuta ya ofisi, hujawahi kusoma?"

Akanishika mkono mpaka ukutani. Ilikuwa ratiba ya mgao wa chakula. Nilikuwa nimeipita kila siku kwa miezi minane. Mimi nilikula canteen, foleni ya mgao ilikuwa kitu cha wengine. Kumbe mgao hupangwa kwa ukubwa wa familia: siku hii wa mtu mmoja na wawili, siku ile wa watatu na wanne, hivyo hivyo. Na Alhamisi, kwa kalamu nyeusi: watu saba na zaidi.

"Na mtoto ndiye anaenda," Ekai akasema. "Mama hajui Kiingereza, karani hajui Kidinka. Nani ataongea kama kadi iko na shida?"

Nikachukua orodha yangu, nikazunguka block kwa block nikiuliza. Kumi na wawili wote walitoka familia ndogo. Wote! Wakuu, sikuwa nimechagua wajuzi wa Kiingereza. Nilikuwa nimechagua watoto wenye ndugu wachache.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Kunyamaza, maana hakuna mtu Lodwar angejua. Au kwenda kujianika. Nitasema ukweli kama nilivyoahidi: nililala na ile ya kunyamaza siku tatu, na ilikuwa tamu.

Siku ya nne nikadandia lori la kwenda Lodwar. Nilifika nimepakwa vumbi, Madam akaniuliza nani amenifukua. Nikamweleza.

"Kwa hivyo niwaandikie wafadhili kwamba tulichagua kwa hesabu ya sahani?"

"Andika mwalimu alikosea, Madam. Jina langu liko pale."

Akakubali mtihani wa pili, kwa siku isiyo na mgao. Ila nafasi ni zile zile kumi na mbili. Hilo sikuwa nimelifikiria barabara nzima.

Safari hii Ekai ndiye aliyechagua tarehe. Treni nikaitupa, nikaandika ubaoni: "Siku ya mgao". Chumba kilijaa hadi wengine wakaandikia kwenye mapaja.

Kati ya wale wa kwanza, saba walibaki. Watano niliwatoa. Nilienda kwao mmoja mmoja, nikawaambia mbele ya wazazi wao kwamba kosa ni langu. Mmoja alikuwa ameshaaga marafiki, akijua bweni ni lake. Hilo sina utani nalo, na mpaka leo linaniuma.

Karatasi ya Achol niliisahihisha mwisho. Iliandikwa kwa Kiingereza, natafsiri kipande tu:

"Tulipokuwa kwenye foleni nilimtafsiria karani, nikamtafsiria bibi mmoja wa Kikongo, nikamtafsiria mama yangu. Nikamwambia mama kwamba shuleni kuna mtihani. Akauliza ni wa kutafuta nini. Nikasema wa kutafuta watoto wanaojua Kiingereza. Mama akasema: basi huyo mwalimu angekuja hapa, wote tuko nao kwenye foleni."

Nilimpa thelathini na nane kwa arobaini. Zile mbili nilikata kwa hasira zangu tu.

Januari 2013 tukaanza, Achol kiti cha mbele. Theluji haikufundishwa.

Nilichojifunza: kabla hujapanga kozi, soma kwanza kilichobandikwa ukutani. Na koti nilimpa Ekai, anasema anamfunikia mbuzi.

Walimu wenzangu humu, nani mwingine amewahi kuchuja watoto kwa kosa lake mwenyewe? Semeni bila aibu, mimi nimeshavuliwa nguo.