Siri Imekufa

Juzi mjini Kitale niliona boti juu ya trela, maji yakidondoka chini yake, nikashikwa na woga wa utotoni.

Asubuhi moja nikiwa mtoto, kwetu Bungoma, baba alikuwa ameitwa kuvusha watu waliozingirwa na mafuriko ya Nzoia. Boti yake ya jeti, ile inayofyonza maji chini na kuyatema nyuma, ilikuwa inavuja. Aliipandisha juu ya magogo uani, akaijaza maji kwa mpira wa bustani. Nilidhani anaizamisha makusudi. Sikujua kwamba maji ya ndani huonyesha tundu nje.

Mjomba kutoka Sirisia alikuwa amelala chini ya boti kwenye tope lenye harufu ya grisi.

"Shemeji, nimepata! Siri imekufa!"

Nikaganda. Siri gani, na kama imekufa, baba naye je?

"Baba, usiende!"

Baba akacheka. "Ni sili, mpira wa kuzuia maji."

"Si ndio nimesema, bana? Siri!"

Wakaweka mpya, matone yakakoma. Sikuamini. Baba aliporudi jioni nilimvua buti kabla hajaketi, nikapapasa mpaka vidoleni. Soksi zilikuwa kavu.